Neno Lililomwamsha Ibrahim wa Misri



Ulimi ni kiungo kidogo, lakini jeraha lake huenda likadumu kuliko la kisu. Kwa Ibrahim Hamadtou wa Misri neno la dharau liligeuka likawa sababu ya kheri. Walakini si kila moyo uwezao hayo.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1973 katika jimbo la Damietta, ambalo Waarabu huliita Dumyat. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alipatwa na ajali ya gari la moshi, akapoteza mikono yote miwili. Michezo ya kijijini kwao ilikuwa kandanda na mpira wa meza. Siku moja rafiki zake wawili walikuwa wakicheza mpira wa meza, naye akiwahesabia. Wakabishana juu ya pointi moja. Ibrahim alipompa mmoja wao, wa pili akamwambia asijitie katika jambo hilo, kwani yeye hataweza kucheza kabisa.

Neno hilo ndilo lililomtia azma. Kwanza alijaribu kukibana kibao kwapani, hakikufaa. Ndipo akakishika kwa meno. Na kwa kuwa sheria yataka kimpira kirushwe juu kabla ya kupigwa, alivua kiatu cha mguu mmoja, akawa akikikamata kimpira kwa vidole vya mguu, akikirusha, kisha akikipiga kwa kugeuza kichwa na shingo. Alijizoeza kila siku kwa miaka mitatu.

Mwaka 2013 alipata nishani ya fedha katika mashindano ya Afrika ya wenye ulemavu. Mwaka 2014 aliitwa Tokyo, akacheza na mabingwa wakubwa, mmojawapo Ma Long wa Uchina. Kisha akaingia Olimpiki ya wenye ulemavu, Rio de Janeiro mwaka 2016 na Tokyo mwaka 2021. Huko mechi zake za mtu kwa mtu hakushinda. Lakini yule aliyeambiwa hataweza kucheza alisimama meza moja na mabingwa wa dunia.

Na tukumbuke kwamba Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu, Ibn Ummi Maktum, aliyekuja kutaka elimu. Naye alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.) pamoja na Bilali. Na Sura ya Hujurat yatukataza kudharauliana. Je, majumbani mwetu hali ikoje? Wako wamfichao chumbani mtoto mwenye kilema wageni wajapo. Nduguze waenda chuoni, yeye hubaki. Wadhani wamhurumia, kumbe wamnyima.

Enyi wazazi, mpelekeni chuoni pamoja na wenziwe. Asiyeweza kushika kalamu aweza kuhifadhi Kurani kwa kusikiliza. Nanyi vijana, mbishanapo mchezoni, chungeni ndimi zenu. Ibrahim aliweza kulibeba neno lile. Pengine huyo mwenzenu hatalibeba.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.