Moshi Hauiti Mvua

Kila kiangazi naulizwa swali lile lile hapa West Nile, Uganda, Arua na Koboko: lini tutajengewa mnara wa kuangalia moto juu ya mlima Wati au Liru, kama ile ya Marekani? Ndugu zangu, mnara hutibu shida moja tu: moto umewaka na hakuna aliyeuona. Shida yetu si hiyo. Mwezi Januari moto wa majani unaonekana usiku kutoka barazani, na mara nyingi aliyeuwasha anajulikana. Hakuna anayekwenda kuuzima, kwa sababu wengi wanaamini unaleta mvua.

Minara ya Marekani ilienea baada ya moto wa Agosti 1910, ulioteketeza zaidi ya hekta milioni moja za misitu ya Idaho na Montana ndani ya siku mbili. Mlinzi alikaa kileleni na kifaa cha Osborne, yaani ramani ya duara yenye pete ya kulengea. Akiona moshi, anaulenga, anasoma nyuzi, anapiga simu. Mlinzi wa kilele cha pili anafanya vivyo hivyo. Mistari ya walinzi hao wawili ikikutana kwenye ramani, hapo ndipo moto ulipo. Lakini chini palikuwa na watu wenye majembe na mashoka, tayari kuondoka. Hata katika shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, mnara una faida kwa kuwa kuna kikosi cha kuitwa. Mnara bila kikosi ni chuma tu.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe. Wanasema: tulichoma Februari, Machi ikanyesha. Sawa. Na mliochoma Desemba? Na Januari? Mbona haikunyesha? Mvua ya West Nile hufuata jua. Desemba hadi Februari ukanda wa mvua uko kusini mwetu, na sisi tunapigwa na upepo mkavu wa kaskazini. Jua likivuka ikweta mwezi Machi, ukanda unapanda na mvua inakuja nao. Ingekuja hata kama kiberiti kisingewashwa kuanzia Nebbi hadi Moyo.

Tena moshi unaweza kuizuia. Tone moja la mvua huhitaji vitone vya wingu karibu milioni moja viungane. Kila kitone huanza kwa kushika chembe ya vumbi, chumvi au moshi. Moshi ukijaza wingu chembe, maji yale yale yanagawanywa kwa vitone vingi mno: ni sufuria moja ya ugali iliyoitiwa kijiji kizima, hakuna anayeshiba. Vitone vinabaki vidogo, haviungani, havianguki. Mwaka 1999 mwanasayansi Daniel Rosenfeld alionyesha jambo hilo kwa vipimo vya setilaiti juu ya moto wa misitu ya Kalimantan, Indonesia: mawingu yaliyoingiwa na moshi yalishindwa kunyesha, na ya jirani yasiyo na moshi yalinyesha.

Hasara nyingine ya moto iko mitini. Mshea huchanua kiangazi. Moto wa Februari unapanda na majani marefu makavu hadi kwenye maua na kuyababua. Mti unabaki hai, lakini msimu wa kuokota ukifika akina mama hawapati kokwa. Ukitaka mafuta ya shea, acha kuchoma Februari.

La kufanya? Kama ni lazima kuchoma, choma mwanzoni mwa Desemba, majani yakiwa bado na unyevu, kwa ruhusa ya wakuu wa eneo na majirani wakijua. Fyeka ukanda kuzunguka nyumba na mizinga ya nyuki. Mrina asali atumie bomba la moshi, si mwenge. Kijana mwenye simu afungue FIRMS, ramani ya moto ya NASA, ni bure: setilaiti zenye vipimaji vya VIIRS hupita juu yetu mchana na usiku, na huonyesha moto kwa vipande vya mita 375. Ndio mnara wenu, umeshajengwa.

Na anayetaka kupanda Wati au Liru apande, lakini aanze kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee. Simulizi za Walugbara zinamweka babu Dribidu juu ya Wati na babu Jaki juu ya Liru. Huko ni kwa mababu. Panda asubuhi, beba maji, usiwashe chochote. Kisha kila kijiji kichague watu kumi wa kuzima moto na kuwapa majembe kabla ya Desemba. Mkishakuwa na kikosi hicho, njooni tuzungumze habari ya mnara.