Kabla ya kushusha viwango vya kodi, punguzeni mikono inayokusanya

Kila Juni, baada ya waziri wa fedha wa Uganda kusoma bajeti, mazungumzo katika maduka ya Mbarara huwa ni yale yale: nini kimepanda, nini kimesamehewa. Bajeti ya mwaka 2025/26, iliyosomwa tarehe 12 Juni 2025, ilifikia takriban shilingi trilioni 72.4. Kwa mwenye kibanda Masha au butiki Nakivale, fedha hizo ziko mbali mno. Yeye anachokiona ni anayekuja kudai, anakuja lini, na kama atampa risiti.

Hoja yangu ni kwamba kipaumbele cha kwanza cha mfanyabiashara mdogo wa ukanda huu ni malipo yake yote kukusanywa mahali pamoja, kwa risiti moja, kwa kiasi anachokijua tangu mwanzo wa mwaka. Kushusha viwango ni jambo la pili. Tupige hesabu ili ionekane kwa nini.

Hesabu ya butiki moja

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, na ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Leo inahifadhi zaidi ya watu 200,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Masha ni gombolola ya wilaya hiyo hiyo, upande wa kuelekea Mbarara. Biashara imeziunganisha sehemu hizi tatu. Sabuni, mafuta ya kupikia na vitenge hutoka kwa wauzaji wa jumla Mbarara. Matoke, maharage na maziwa hutoka kwa wakulima na wafugaji wa Isingiro. Wanunuzi wako pande zote.

Tuchukue mama mwenye butiki anayeuza bidhaa za shilingi milioni 2 kwa mwezi, yaani milioni 24 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, biashara yenye mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hailipi kodi ya mapato. Kuanzia milioni 10 hadi 30, mwenye kumbukumbu za hesabu hulipa asilimia 0.4 ya kiasi kinachozidi milioni 10. Mama huyu amezidi kiwango hicho kwa milioni 14, kwa hiyo kodi yake ya mwaka ni shilingi 56,000. Asiyeandika hesabu hulipa 80,000.

Sasa tuangalie mengine. Tangu mwishoni mwa 2018, kila anayetoa pesa kwenye simu hukatwa ushuru wa asilimia 0.5, mbali na ada ya wakala na kampuni. Nusu ya mauzo yake ikiingia kwa simu, naye akaitoa yote ili akanunue mzigo, ametoa milioni 12 na kukatwa 60,000. Ushuru huo peke yake umeshapita kodi yake ya mapato.

Bado kuna ushuru wa soko. Tuseme anatozwa shilingi 1,000 kila siku ya soko, mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka ni 104,000, karibu mara mbili ya kodi ya mapato. Juu yake kuna leseni ya biashara. Tena sabuni na mafuta aliyonunua Mbarara yana kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ndani ya bei. Kwa kuwa mauzo yake hayajafika milioni 150 kwa mwaka, hajasajiliwa kwa kodi hiyo, na hivyo hawezi kuidai irudishwe. Matoke na maharage ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Ndiyo sababu moja inayofanya biashara ya mazao iwe nyepesi kuanza kuliko ya bidhaa za kiwandani.

Hesabu hii inaonyesha kwamba kodi inayozungumzwa sana, ile ya mapato, ndiyo ndogo kuliko zote tulizozipigia hesabu. Inaonyesha pia nani anaumia zaidi. Ushuru wa soko wa 104,000 ni kama asilimia 0.4 ya mauzo ya mama huyu. Kwa jirani yake anayeuza nyanya na kupata milioni 8 tu kwa mwaka, ushuru huo huo ni asilimia 1.3. Serikali kuu imemsamehe muuza nyanya kwa sababu ni mdogo, lakini sokoni anatozwa sawa na aliyemzidi mara tatu.

Mikono imekuwaje mingi?

Wanaokusanya ushuru na leseni nao wana sababu. Mpaka mwaka 2005 serikali za mitaa Uganda ziliishi kwa kodi ya kichwa iliyotozwa kwa madaraja. Ilichukiwa sana kwa jinsi ilivyokusanywa kwa nguvu, na serikali ikaifuta. Pengo lilibaki. Ruzuku za serikali kuu huja zikiwa zimepangiwa kazi zake, basi gombolola inayotaka kukarabati choo cha soko au kalvati lililobomoka hutegemea leseni na ushuru.

Jambo moja katika sheria ya serikali za mitaa linafaa kujulikana na kila mlipaji: vijijini, gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na asilimia 35 huenda wilayani. Kwa hiyo shilingi 1,000 inayolipwa Masha ikifika mahali pake, shilingi 650 zinabaki Masha. Mwenye kujua hivyo ana haki ya kuuliza kwenye mkutano: mwaka huu zimekusanywa ngapi, na zimefanya nini?

Kudai ushuru wa soko ufutwe bila kusema gombolola itaishi kwa nini ni kurudia pengo la 2005. Dai linalowezekana ni kuunganisha. Leseni na ushuru wa soko viwe malipo mamoja ya mwaka, yanayolipika kwa awamu, yaliyopangwa kwa madaraja ya mauzo kama kodi ya mapato ilivyopangwa. Muuza nyanya awe daraja la chini kabisa. Mgao kati ya gombolola na wilaya ubaki vile vile.

Tanzania ilijaribu jambo la aina hii Desemba 2018, Rais Magufuli alipoanza kugawa vitambulisho vya machinga, yaani wachuuzi wadogo, kwa shilingi 20,000 za Tanzania. Aliyekuwa nacho alijua amemaliza, na aliyemsumbua alionyeshwa kitambulisho. Kasoro yake ni kwamba kila mtu alilipa sawa, mwenye beseni la karanga na mwenye meza mbili za nguo. Tuchukue uzuri wa risiti moja, tuongeze madaraja.

Daftari ni mali

Turudi kwenye kodi ya mapato. Kwa mauzo ya milioni 60 kwa mwaka, mwenye kumbukumbu hulipa 240,000, asiyenazo 400,000. Kwa milioni 100, ni 500,000 dhidi ya 900,000. Kwa kulinganisha, Kenya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Asilimia 3 ya milioni 60 ni milioni 1.8. Viwango vya Uganda ni vyepesi kwa anayeandika, na daftari ndilo linalomfikisha kwenye wepesi huo.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Safu nne zinatosha: tarehe, kilichouzwa, kilichonunuliwa, na deni la mteja. Jioni, kabla ya kufunga mlango, mwenye duka anaandika mkate uliotoka, kilo za unga, lita ya mafuta iliyochukuliwa kwa deni, na pesa iliyoingia kwa simu. Risiti za jumla za Mbarara anazibandika ukurasa wa nyuma. Mwisho wa mwezi anajumlisha.

Daftari hilo linamfaa pia anayeuzia shule au mashirika. Mnunuzi aliyeteuliwa na Mamlaka ya Mapato (URA) hukata asilimia 6 anapolipa zaidi ya shilingi milioni 1. Mzigo mmoja wa milioni 2 hukatwa 120,000, kiasi kinachozidi kodi ya mwaka mzima ya butiki yetu. Fedha hiyo ni ya muuzaji: ni kodi iliyolipwa mapema, na inahesabiwa anapowasilisha ritani akiwa na cheti cha makato. Wengi hawaombi cheti, basi hulipa mara mbili bila kujua. Hapa ndipo ningependa bajeti iweke fedha: maofisa wa kodi wanaofika sokoni wakizungumza Kiswahili na Kinyankole, wakifundisha kabla ya kudai.

Mkimbizi naye ahesabiwe

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kulima, kufanya kazi za mikono, kuuza na kununua. Kodi nayo haimuulizi alikotoka: simu inamkata, soko linamtoza, sabuni anainunua na kodi ndani yake. Lakini nafuu zinapotolewa, mara nyingi zinaishia kwa raia. Tangu 1 Julai 2025, raia anayeanzisha biashara yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500 anasamehewa kodi ya mapato kwa miaka 3. Namba ya kitambulisho cha taifa nayo imekubaliwa kutumika kama namba ya mlipa kodi, jambo linalorahisisha usajili kwa aliye nayo. Mkimbizi hana.

Matokeo yake, maduka mawili yanayouza unga ule ule yanaanza mwaka mmoja kwa masharti tofauti. Mtu wa Masha anaweza kusema hilo halimhusu. Linamhusu sana. Butiki ya Nakivale ndiyo inayonunua matoke na maziwa yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika Kampala, Nakivale na Kyangwali, ulikuta kwamba miongoni mwa walioajiriwa na wakimbizi wafanyabiashara wa Kampala, asilimia 40 walikuwa Waganda. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa takriban wakimbizi milioni 1 nchini Uganda. Pesa iliyokuwa ikizunguka sokoni imepungua, na njia iliyobaki kwa familia nyingi ni kulima na kuuza. Kuzuia biashara hizo zisikue ni kupunguza wateja wa Isingiro nzima, na kupunguza walipa kodi wa kesho. Msamaha wa miaka 3 uwafikie wakimbizi walioandikishwa, kwa kadi zao za ukimbizi.

Tuseme mapema

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka Bunge lipitishe bajeti ifikapo 31 Mei. Hotuba ya Juni inasomwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa, na anayelalamika siku hiyo amechelewa. Wilaya hufanya mikutano yao ya bajeti karibu Oktoba na Novemba, na huko ndiko leseni na ushuru wa mwaka unaofuata unakoweza kujadiliwa. Yanayohusu Bunge, kama ushuru wa simu na msamaha wa miaka 3, yafikishwe kwa wabunge kabla ya miswada ya kodi kujadiliwa.

Wafanyabiashara wa Masha na wa Nakivale waende pamoja, wakiwa na hesabu za vitabu vyao mkononi, na madai matatu kwa mpangilio huu: malipo mamoja ya mitaa yaliyopangwa kwa madaraja, mafunzo ya hesabu na ya cheti cha makato masokoni, na nafuu ya biashara mpya isiyomwacha mkimbizi. Yote matatu yanahitaji fedha kidogo kuliko yanavyohitaji utaratibu, na la kwanza linaweza kuanzia wilayani, likibebwa na wanaolipa.