Ndege Hujulikana kwa Kazi Yake

Haya wajukuu zangu, acheni kwanza ubishi wa ndege ipi ni kubwa kuliko zote. Kwa ndege za abiria jibu ni Airbus A380, yenye ghorofa mbili na injini nne. Tumemaliza. Sasa ipelekeni A380 hiyo Seronera, katikati ya Serengeti, kwenye kiwanja cha changarawe, mwone kama ukubwa wake utaifaa kitu.

Kule mwenyewe ni Cessna Caravan. Ina injini moja tu puani, mbawa zimepita juu ya vichwa vya abiria, na magurudumu yake hayakunjwi hata ikiwa angani. Hakuna kilichowekwa kwa bahati nasibu. Mbawa za juu hukaa mbali na vichaka na mawe yanayorushwa na tairi, na juu ya hayo abiria anawaona nyumbu bila kizuizi. Magurudumu yasiyokunjwa hayana mitambo mingi ya kuharibika porini, ambako fundi hayupo.

Kabla ya kupanda, mara nyingi mtapimwa uzito, ninyi na mabegi yenu. Begi liwe laini, lisizidi kilo 15 hivi. Kisha mtaambiwa nani akae wapi, na asinune mtu: uzito ukilalia nyuma, ndege ndogo hupoteza mizani. Mkifika, msishangae rubani akishuka chini kabisa halafu akapaa tena bila kutua. Anafukuza pundamilia na swala waliosimama kwenye njia yake. Atazunguka, atarudi, ndipo atue.

Kwa safari za mikoani, Air Tanzania wana Dash 8-400 ya abiria 76. Hii ina mapangaboi mawili yenye mapanga sita kila moja. Wapo wanaoyadharau mapangaboi wakidhani ni mambo ya kizamani, nami nasema hawajui hesabu. Kwa safari fupi yanakula mafuta kidogo kuliko injini za jeti, na hayahitaji njia ndefu ya kurukia.

Ng'ambo ni kazi ya Dreamliner, Boeing 787-8. Karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi za kaboni badala ya alumini, hivyo ni nyepesi kwa ukubwa wake. Dirisha halina pazia: unabonyeza kitufe, kioo chenyewe kinaingia giza.

Ipo pia ndege isiyo na madirisha ya abiria, kwa kuwa samaki na maua hawatazami mawingu. Mwezi Juni 2023 ilitua Dar es Salaam Boeing 767-300F ya mizigo, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Ubavuni ina mlango mpana wa kupitishia makontena. Pale Nairobi, ndege za namna hii hubeba mawaridi kuelekea Uholanzi, maana waridi likisafiri kwa meli bila maandalizi maalumu litafika limenyauka.

Lakini mimi, mkiniuliza, namvulia kofia rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa. Kweleakwelea wakivamia mtama au mpunga, mkulima hulia. Ndege hawa wadogo hula mchana kutwa, jioni hukusanyika kulala kwa makundi makubwa, na saa hiyo ndipo rubani huwafuata, akiruka chini sana wakati mwanga unafifia. Ndege nyingi zilizoundwa kwa kazi hiyo zina kiti kimoja tu, kimeinuliwa juu ili aione vizuri miti na nyaya za umeme, na tangi la dawa liko mbele yake.

Zipo pia ndege za madaktari. Mwaka 1957 madaktari bingwa watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao, ambayo leo ni AMREF, yenye ndege zake Uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndani, mahali pa viti pamewekwa machela, mitungi ya oksijeni na mashine za kufuatilia mapigo ya moyo.

Za kivita sitazisimulia leo. Hizo zina watu wengi wa kuzisifia. Ninyi ikipita ndege tazameni mambo matatu: mbawa ziko juu au chini ya mwili, injini ni ngapi, na magurudumu yamekunjwa au yananing'inia. Kisha niambieni inakwenda kufanya kazi gani.