Judith Heumann: Mtoto Aliyezuiwa Mlangoni

Juma hili tunawaletea wazazi habari za mwanamke wa Marekani, Judith Heumann, ambaye maisha yake yanamhusu kila aliyejaaliwa mtoto mwenye ulemavu.

Heumann alizaliwa mwaka 1947, akakulia Brooklyn, New York. Alipokuwa na miezi 18 aliugua polio, na tangu hapo hakuweza kutembea. Daktari aliwashauri wazazi wake wampeleke katika makazi ya walemavu akalelewe huko. Wazazi hao, Wayahudi walioikimbia Ujerumani ya Hitler wangali wadogo, walikataa.

Alipotimu miaka 5, mama yake alimpeleka shuleni. Mwalimu mkuu alimzuia, akidai kuwa kiti chake cha magurudumu kingekuwa hatari moto ukitokea. Ikawa mwalimu humjia nyumbani kwa saa mbili na nusu tu kwa juma. Mama hakunyamaza, alidai haki hiyo mpaka mwanawe akaingia darasani akiwa na miaka 9.

Mwaka 1970 hoja ile ile ya moto ilirudi. Heumann alikuwa amehitimu chuo, lakini mamlaka ya elimu ya New York ilimnyima leseni ya ualimu. Alikwenda mahakamani, akaipata, akafundisha.

Aprili 1977 aliongoza zaidi ya watu 100 kuingia katika jengo la serikali huko San Francisco. Walidai kanuni za kutekeleza sheria ya mwaka 1973 iliyokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Walikaa humo zaidi ya majuma matatu, na kanuni zikatiwa saini tarehe 28 Aprili. Heumann alifariki Machi 2023.

Nasi tujitazame. Madina, Mtume (s.a.w.) alikuwa na muadhini kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum. Lakini leo zipo nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mtoto mmoja huingizwa chumba cha ndani, pengine kwa huruma, pengine kwa kuchelea maneno ya watu. Tunawasihi wazazi hao wamtoe mwana wao, wamwandikishe madrasa na shule. Na sisi wengine, walimu na kamati za misikiti, tuweke njia ya mteremko penye ngazi kabla hajafika mlangoni.