NDEGE WASIOPATIKANA ILA SHELISHELI

Wasikilizaji wetu wa pwani walisikiapo neno "shelisheli" hukumbuka kwanza lile tunda kubwa la kuchemsha au kukaanga. Leo twapenda kueleza habari za visiwa vyenye jina hilo hilo, na za ndege wakaao huko ambao hawapatikani mahali pengine po pote duniani.

Visiwa vya Shelisheli ni 115, navyo vi katika Bahari ya Hindi, zaidi ya maili 1,000 mashariki ya Mombasa. Mtu aweza kuuliza, Kwa nini ndege wa huko wawe mbali na wetu? Jibu ni hili. Zamani sana ndege wachache walifika huko juu ya bahari, wakakaa. Wakazaana peke yao vizazi kwa vizazi, wala hawakuchanganyika na wenzao wa bara. Kidogo kidogo walibadilika, hata wakawa aina nyingine.

Tena katika visiwa hivyo hapakuwa na mnyama wa kunyonyesha wa nchi kavu, ila popo tu. Hapakuwa na paka wala panya. Kwa hiyo ndege hawakujifunza woga. Watu wa kwanza kufanya maskani huko walifika mwaka wa 1770, na baada ya hapo merikebu zikaleta panya na paka, na misitu ikafyekwa ipandwe minazi. Kasuku wa kijani wa huko, aliyekuwa akila mahindi ya wakulima, alipigwa bunduki na kutegwa, hata mwanzoni mwa karne ya 20 akawa hayupo tena.

Na tutazame ndege wawili walioponea chupuchupu.

Wa kwanza ni ndege mdogo mwimbaji, wa rangi ya kahawia, alaye wadudu waliojificha chini ya majani ya miti. Kwa desturi hutaga yai moja tu, na mara nyingi watoto wake wakubwa hubaki nyumbani kuwasaidia wazazi kulea mdogo wao. Mwaka wa 1968 walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani kote, wote katika kisiwa kimoja kiitwacho Cousin, ambacho ukubwa wake ni yapata ekari 70, nacho kilikuwa shamba la minazi. Mwaka huo chama cha kimataifa cha kuhifadhi ndege kilikinunua. Ndege hawakulishwa kwa mkono wala kufungiwa tunduni; machipukizi ya minazi yaling'olewa, miti ya asili ikaachwa imee. Majani yalileta wadudu, na wadudu wakaleta vifaranga. Yapata miaka 15 baadaye ndege walikuwa wamepata 300, na kisiwa kimejaa.

Wa pili, wenyeji humwita pi santez. Ni mweusi wa kung'aa, mwenye kipaku cheupe bawani. Huokota wadudu chini penye majani makavu, naye humfuata kobe mkubwa, hata mwanadamu, ili apate wadudu wanaofukuliwa na nyayo. Kwa ajili ya kuzoea chini hivyo, alikuwa windo rahisi la paka. Kufika mwaka wa 1965 walikuwa wamebaki wasiozidi 15 katika kisiwa cha Frégate. Paka waliondolewa, na tangu mwaka wa 1990 ndege walitengenezewa masanduku ya kutagia, na miti ya asili ikapandwa.

Lakini kuongezeka hakutoshi. Ndege wote wa aina moja wakiwa katika kisiwa kimoja, moto mmoja, au ugonjwa mmoja, au panya wa chombo kimoja, aweza kuwamaliza. Kwa hiyo waangalizi walianza kuwahamisha. Mwaka wa 1988 ndege waimbaji 29 walipelekwa kisiwa cha Aride, nao wakazaana hata wakazidi 1,000. Baadaye wengine walipelekwa Cousine, Denis na Frégate. Pi santez nao walipelekwa Cousin mwaka wa 1994 na Cousine mwaka wa 1995. Na ilikuwa vema, maana mwaka huo huo wa 1995 panya waliingia Frégate, nao hawakumalizwa hata mwaka wa 2000. Siku hizi pi santez wako katika visiwa vitano, na hesabu yao imepita 200.

Msikilizaji asidhani ya kuwa habari hizi ni za mbali tu. Kisiwa chetu cha Pemba kina ndege wa aina nne wasiopatikana penginepo: njiwa mmoja wa kijani, bundi mdogo, chozi, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la jicho. Hao ni amana ya watu wa Pemba peke yao. Wakiisha huko, hapana nchi ya kuwaazima. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wanafunzi na wajifunze kuwatambua ndege hao kwa sauti na kwa rangi, na wakubwa wauache msitu wa Ngezi usimame. Maana miti ikibaki, majani yatabaki, na ndege watajilisha wenyewe, kama walivyojilisha wale wa Cousin.