Mikoko na Malipo ya Hewa Ukaa

Wananchi wa mwambao wanafahamishwa kuwa mkoko uliosimama nao una bei, si boriti peke yake. Katika Ghuba ya Gazi, nchini Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni vinahifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, uliozinduliwa mwaka 2013. Wanunuzi wa nje hulipia hewa ukaa inayovutwa na miti hiyo, ambayo sehemu yake kubwa huzikwa topeni. Mikoko ikikatwa, hewa hurejea angani, na cha kuuza hakipo tena. Mapato yamewaletea wanavijiji maji ya bomba na vitabu vya skuli. Kuni na miti ya kujengea, ambayo haikwepeki, imepandiwa mivinje.