Ampli ya motoka imenyamaza? Angalia waya kabla ya kufungua ampli

Hapa Tenke, mwenye motoka akisema "ampli yangu ilikufa", mara nyingi ampli yenyewe iko muzima. Kilichokufa ni kitu kingine: fizibo, waya uliolegea, bafle iliyoungua ndani, ao masi iliyofungwa juu ya rangi. Lakini ampli inafunguliwa, mutu anatoa makuta, na kisha siku mbili shida inarudi ile ile.

Tuanze na sababu ya ampli kuwa nyingi huku. Motoka nyingi zinazopita kati ya Likasi, Fungurume, Tenke na Kolwezi zilitembea kwanza Japani. FM ya kule inaanza megahezi 76, na redio za motoka za zamani zinaishia 90. Kwetu FM inaenda mpaka 108. Kwa hiyo dereva ananunua motoka nzuri, lakini redio zote zilizo juu ya 90 hazisikii (na sisi wa redio tunapoteza musikilizaji). Anatoa redio ile, anaweka ingine ya soko, na kwa vile dashibodi imeshafunguliwa, anaongeza ampli na bafle kubwa. Kazi inaisha nusu siku, chini ya muti, na waya wowote uliopatikana. Hapo ndipo shida inazaliwa.

Na si mambo ya raha tu. Bafle hizo hizo ndizo zinazopita mu kartie kutangaza chanjo, matanga ao mukutano. Zikinyamaza, kuna watu hawatapata habari.

Ampli inahitaji waya tatu ili iamke. Wa kwanza unatoka kwenye plus ya bateri, na tundu lake mara nyingi limeandikwa B+ ao BATT. Wa pili ni masi, GND, unaofungwa ku chuma cha motoka. Wa tatu, REM, ni mwembamba. Unatoka ku redio, mara nyingi uko bluu wenye mustari mweupe, na kazi yake ni kuambia ampli: amka. Mumoja ukikosa, ampli haiwaki kabisa. Ndiyo maana fundi mwema anakamata kwanza multimetri, si bisibisi.

Anapima hivi. Motor ikiwa imezimwa, bateri nzima inaonyesha karibu volti 12,6. Motor ikizunguka, inapanda mpaka kati ya 13,8 na 14,4. Kisha anapima pale pale ku ampli, kati ya B+ na GND, muziki ukilia kwa nguvu. Kama ku bateri kuna 13,8 na ku ampli kuna 11, basi volti karibu 3 zinapotea njiani. Waya ni mwembamba, ao umefungwa vibaya. Tena kuna waya za soko zinazoonekana nene, kumbe plastiki ndiyo nene. Ndani ni aluminiyo iliyopakwa shaba kidogo. Inauma kuona hiyo huku kwetu, tunapokaa juu ya shaba.

Masi inapimwa peke yake. Ncha moja ya multimetri ku minus ya bateri, ingine ku GND ya ampli, muziki ukilia. Ikionyesha 0,1 ao 0,2, hakuna shida. Ikifika volti nzima, ondoa ile skuru, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha kaza tena. Masi mbaya ndiyo inayoleta pia ule mulio wa "wiiii" unaopanda kila ukikanyaga esanse. Wengine wanabadilisha redio juu ya mulio huo. Angalia pia kama waya za muziki, zile za RCA, zimelala pamoja na waya munene wa bateri. Zipitishe upande mwingine wa motoka.

Taa nyekundu ya PROTECT nayo inasingiziwa sana. Maana yake ni kwamba ampli imejifunga yenyewe ili isiungue. Zima, toa waya zote za bafle, washa tena. Taa ikipotea, ampli haina kosa: tafuta waya uliobanwa na mulango ao chini ya kiti, ao bafle yenyewe. Bafle ya omu 4 ikiwa nzima inaonyesha ku multimetri kitu kama 3 na zaidi. Ikionyesha karibu 0, imeungua. Na mutu akifunga bafle mbili za omu 4 sambamba, ampli inaona 2 tu. Ampli nyingi zilizofungwa kwa bridge hazivumilii chini ya 4.

Kama taa inakuja kisha nusu saa ya muziki, fikiri joto na vumbi. Mu kipindi cha jua, vumbi la barabara zetu linajaza zile mbavu za aluminiyo, na ampli iliyofichwa chini ya kiti ao chini ya kapeti haipumui.

Sasa fizibo. Hapa sitasema kwa upole. Fizibo ikikatika, kuna wenye kuweka pahali pake waya wa shaba, karatasi ya sigara, hata musumari. Muziki unarudi, mwenye motoka anafurahi. Lakini bateri ya motoka inaweza kutoa ampea mamia kwa mara moja. Waya ukigusa chuma na hakuna fizibo ya kukata, unakuwa mwekundu sawa makaa, plastiki inashika, na kapeti inafuata. Fikiri motoka ile imebeba pia bidon ya esanse nyuma. Fizibo kubwa inawekwa karibu na bateri, isipite sentimita 45, juu ya kulinda waya wote unaoenda nyuma. Na ikikatika mara mbili, usitafute kubwa zaidi. Tafuta sababu.

Fizibo inasema pia ukweli ambao karto ya ampli haisemi. Ampli imeandikwa wati 2000, lakini ubavuni iko na fizibo mbili za 30. Hesabu: ampea 60 mara volti 13,8 ni wati 828 zinazoingia. Ile ya aina AB inapoteza theluthi moja ao hata nusu kwa joto, basi kwa bafle zinafika 400 ao 550. Zile 2000 zilibaki ku karto.

Kama umepima yote hayo na bado, basi ni ndani. Fizibo ikikatika mara tu unagusisha bateri, hata REM haijafungwa, kosa mara nyingi ni transista za upande wa umeme, zile zinazopandisha volti 12, ao diodi ya ulinzi, kama mutu aligeuza plus na minus. Ikikatika wakati REM inaamsha ampli, angalia transista za kutokea bafle. Transista iliyokufa inaonyesha karibu 0 kati ya miguu yake. Hazibadilishwi moja moja: zile zinazofanya kazi pamoja zinatoka zote, zinaingia mupya za namba moja, pamoja na rezistansi ndogo zilizoungua karibu yake. IRFZ44 iko mu ampli nyingi, na za bandia ni nyingi vilevile sokoni. Kile kipande chembamba cha maika nyuma ya transista kirudishwe, kama si hivyo chuma chake kitagusa aluminiyo na kazi yote inaungua tena.

Kisha kulehemu, fundi asirudishe ampli moja kwa moja ku bateri. Apitishe plus ndani ya ampule ya fare ya wati 55. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani bado kuna shoti, lakini ampule inazuia umeme usipite ampea 4 ao 5, na transista mupya zinapona. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili nzuri. Ndipo anaweza kufunga fizibo ya namba iliyoandikwa. Mwenye ampli, omba uone jambo hilo mbele yako, tena uchukue vipande vya zamani vilivyotolewa, kabla ya kulipa.